Amla Shavuni

Mimi sikustaafishwa na mtu, maana ukimwondoa mzee mmoja wa Kasulu ambaye nitamfikia, hakuna aliyewahi kuniajiri. Nimejistaafisha mwenyewe, magoti yalipoanza kulalamika kila nikichutama kubebesha mche. Kisu nimemkabidhi mwanangu Deo. Kwa hiyo nyie vijana wa Murungu, na nyie wa Kasanda, na hasa nyie mnaokuja na pikipiki kutoka Kasulu mkitaka niwaeleze habari za amla huku injini inaunguruma: zimeni pikipiki, kaeni chini. Nitawaambia kila kitu, ila kwa mwendo wangu.

Kwanza tuwekane sawa. Mtu aliyeifanya amla ijulikane kutoka Kibondo mpaka Kasulu ni mimi, Gervasi. Darasa la nne sikulimaliza. Kabla yangu, watu wa huku walidhani achari inazaliwa ndani ya chupa. Leo mnapita kwenye mteremko wangu, mnaona miti imesimama kwa mistari, majani madogo madogo kama manyoya ya ndege, matunda yamebana matawi kama shanga kiunoni, na mnasema yule mzee ana bahati. Bahati gani? Mteremko ule nusura urudi kuwa shamba la mihogo, na miti yote iwe kuni za mama mkwe wangu. Hiyo ndiyo habari nitakayowapa, lakini hamtaielewa kama hamlijui tunda lenyewe, kwa hiyo msinikimbize.

Amla si tunda la kumpa mtu unayetaka akupende papo hapo. Ina ukubwa wa ndimu, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na mistari imeshuka toka kichwani mpaka chini kama vile mtu alitaka kuikata vipande akaghairi. Ukiiuma unakutana na uchachu, nyuma ya uchachu kuna uchungu, na nyuma ya uchungu kuna ukakasi unaokausha ulimi kuliko ndizi mbichi. Siku ya kwanza nilipopeleka ndoo mbili kwenye soko la jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama mmoja Mkongomani aliuma moja, akaitema, akanishika shati.

"Weye baba, uko unatulisha dawa ya ngombe?"

Watu wakajaa. Mwingine angekimbia. Mimi nikamwambia, mama, kunywa maji kwanza halafu unipige. Akanywa funda moja kwa hasira. Akatulia. Akanywa tena. Akachungulia kikombe kama anayetafuta sukari chini. Maana amla ndivyo ilivyo: maji unayokunywa baada yake yanakuwa matamu, na hakuna maneno ya kumwelewesha mtu mpaka anywe mwenyewe. Yule mama aliniachia shati, akalinyoosha kidogo kwa kiganja, akasema, "Munipe ingine." Tangu hapo sijaenda sokoni bila dumu la maji. Anayeuza amla bila maji anatafuta ugomvi.

Sasa yule mzee wa Kasulu. Aliitwa Jivan, Mhindi mwenye duka la vitambaa na vyombo, na nyuma ya duka lake kulikuwa na miti miwili ya amla aliyoipanda marehemu baba yake. Mimi nilikuwa mbeba mizigo wake. Mti mmoja ulizaa matunda makubwa, manono. Wa pili ulizaa vitu vidogo vyenye nyuzi ambavyo hata kunguru aliviruka. Mzee Jivan ndiye aliyenifundisha kwamba mbegu ya amla haitolewi kwa nyundo. Unaanika tunda juani mpaka kokwa lipasuke lenyewe. Alinifundisha kwamba mche wa mbegu hauna adabu, huwezi kujua utazaa matunda ya namna gani, kwa hiyo ukifikia unene wa penseli unaukata na kuubebesha kikonyo, yaani kijiti chenye macho, kutoka kwenye mti unaoujua. Kwamba matawi ya amla yana kiburi cha kitajiri: yakibeba matunda mengi yanakatika badala ya kuinama, kwa hiyo unayategemeza kwa miti ya panda kabla hayajajivunja. Kwamba tunda linachumwa kwa mkono, na anayetikisa mti anaokota vidonda.

Vyote hivyo nilivishika mara moja. Kilichonishinda ni kubebesha. Mikono haikuwa na tatizo, mikono hii ingeweza kushona mbawa za nzi. Tatizo ni kwamba mimi nikifanya kazi lazima niongee. Nakata, nasimulia. Nachonga kikonyo, naeleza nilivyomshinda fulani kubeba magunia. Vikonyo vyangu vilikauka kimoja baada ya kingine. Mzee Jivan alisimama nyuma yangu siku moja, akatazama, akasema kwa upole wake, "Gervasi, unafungulia redio juu ya kidonda cha mti. Mate yote yanaingia ndani."

Kesho yake, kabla sijagusa kisu, alinitia amla mbichi nzima mdomoni, upande wa shavu. Mtu mwenye amla shavuni haongei. Hawezi, uso wote uko kazini. Nilikata kimya, nikachonga kimya, nikafunga kwa nailoni kimya huku machozi yananitoka, na vikonyo vya siku ile vilishika vyote. Tangu hapo sijabebesha bila amla shavuni. Zikiisha mbichi natia ya chumvi.

Nilipotaka kujitegemea, Mzee Jivan aliniambia nichukue vikonyo kwenye miti yote miwili. Nikasema sawa mzee. Nikachukua vya ule mnono peke yake. Ninyi mngepanda vitu ambavyo kunguru anaviruka? Wekeni jambo hilo kando, tutalirudia.

Na nikiwa bado kwa Mzee Jivan, niwaambie kuhusu chombo, maana juzi nimeona kijana mmoja pale Kasulu anatokosa amla kwenye karai la chuma nikamwonea huruma. Mke wangu Skolastika naye alifanya hivyo, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Alikuwa na nia njema. Asubuhi tulikuta karai zima jeusi kama lami, matunda meusi, mwiko mweusi. Amla na chuma hazipatani. Mimi nilitaka kumwaga, yeye akatia mkono, akaona umekuwa mweusi haufutiki, akanipaka kwenye mvi zangu za mapema. Jumapili kanisani watu walimuuliza kama yule aliyekaa naye ni mdogo wangu. Kwa hiyo kwa nywele, karai la chuma. Kwa chakula, chungu. Toboa tunda kwa mwiba, lilaze kwenye maji ya chumvi mpaka ukakasi upungue, lichemshe kidogo, kisha lizamishe kwenye asali ya kwetu Kibondo. Wengine wanatumia sukari. Wanajisumbua.

Haya. Mama mkwe.

Nilipokwenda kuposa nilipeleka majembe, mbuzi, mtungi wa pombe ya ndizi, na juu ya yote hayo kikapu cha amla kutoka nyuma ya duka, ili wajue binti yao anaolewa na mtu asiye wa kawaida. Nilisahau kuwaeleza habari ya maji. Mama mkwe alitafuna, akatema, akakitupa kikapu kizima upande wa zizi. Mbuzi nao walikataa. Baadaye mahali pale pakaota mche mmoja. Mama mkwe akauacha ukue, si kwa mapenzi, bali apate pa kumfunga beberu wake.

Katika ukoo wa mke wangu, mwanamume na mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kiha, hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Ninyi wa leo mnacheka, mnapiga picha mmewakumbatia mama wakwe zenu. Sisi ilibidi tutafute njia. Akitaka kuniambia jambo, alikaa ndani ya ua na kumwambia beberu kwa sauti. Mimi nje ya ua nilijibu kwa kuiambia fimbo yangu. Beberu yule alisikia mambo mengi kunihusu.

Ule mti wake ulipokua ulichanua kila mwaka na haukuzaa hata mara moja. Nikipita nje ya ua namsikia: "Beberu, mti huu kweli ni wa mkwe wetu. Maua tele, kelele kutwa, tunda hakuna."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane, mteremko wa Murungu ulikuwa wake, na mihogo ya pale ndiyo iliyowalea watoto wake wote. Skolastika alipomwomba ardhi kwa ajili yangu, aliitoa kwa sharti moja, na sharti lilipitia kwa beberu nikilisikia mwenyewe: miti ikae mpaka umri wa kuzaa, ikifika umri huo isizae, inang'olewa na mihogo inarudi. Nikaiambia fimbo kwamba miti iliyobebeshwa na Gervasi itazaa mpaka watu waombe ipumzike.

Miti ikakua vizuri, sitaki kuwaficha, hakuna aliyewahi kuona miti kama ile. Kiangazi, miti hiyo ilipukutisha vijiti vyake vyote pamoja na majani, ikabaki mitupu kama fito, na majirani wakaja kunipa pole kama nimefiwa. Niliwaambia subirini, na mvua zilipokaribia ikavaa upya. Ikafika umri. Ikachanua mpaka mteremko mzima ukanukia. Maua yakaanguka. Tunda hakuna. Mwaka uliofuata vilevile. Beberu akaambiwa: "Mvua zijazo zikikuta hali ni hii, jembe linaingia."

Nilikimbilia Kasulu kwa Mzee Jivan. Duka limeuzwa, mzee amekwenda kuishi na watoto wake mbali, na pale palipokuwa na miti miwili kuna nyumba ya wageni yenye vigae. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ile kama mtu aliyekosa chumba.

Kata yetu ilikuwa na bibi shamba aliyehamishiwa kutoka Tanga, Bi Mwanaidi, binti mdogo mwenye Kiswahili laini kama mawese ya moto. Alikuwa ameshaniomba mara kadhaa aje kuangalia miti yangu, nami nilikuwa nimemjibu kwamba akitaka kujifunza anakaribishwa. Safari hii, maua yakikaribia tena, nilimwita mwenyewe. Alitembea mstari kwa mstari, akavunja kijiti hapa na pale, akaniuliza vikonyo vyote nilivitoa wapi. Nikamwambia kwa fahari: mti mmoja, bora kuliko yote.

"Basi Baba Deo, hapa huna shamba," akasema. "Una mti mmoja uliousimamisha kila mahali. Na amla haizai na nafsi yake. Inataka maua ya mgeni."

Ndipo nilipouona ule mti wa pili wa Mzee Jivan, wenye matunda ya kurukwa na kunguru, umesimama mbele yangu kichwani. Kazi yake haikuwa kuliwa. Bi Mwanaidi akaniambia hakuna muda wa kubebesha mingine ikakua, maua ndiyo haya yanafunguka. Nitafute mti wowote wa amla usiotoka kwenye vikonyo vyangu, uwe na maua, nikate matawi, niyatie kwenye ndoo za maji katikati ya miti yangu, nyuki watafanya lililobaki. Akaniuliza kama naujua mti kama huo. Nikasema naujua mmoja. Una beberu.

Nilimtuma Skolastika. Alirudi anacheka, ameziba mdomo kwa kanga. "Mama anasema mwenye shida aje mwenyewe."

Nikaenda, nikasimama nje ya ua na fimbo yangu. Nyuki juu ya ule mti walikuwa wanavuma kama kinu cha kusagia. Nikaiambia fimbo habari za maua, za nyuki, za ubora wa miti yangu, nilivyosifiwa na Bi Mwanaidi (kidogo niliongeza hapo), na jinsi ukoo mzima utakavyojulikana. Nilipomaliza, sauti ikatoka ndani, taratibu:

"Beberu, muulize. Mwenye miti ya maua matupu anataka nini kwenye mti wa maua matupu?"

Nikaanza kueleza upya, kwa urefu zaidi.

"Beberu, mimi nimesikia hotuba. Ombi sijalisikia."

Vijana, hapo ndipo nilipoishiwa. Mihogo ilikuwa mbele ya macho yangu, naiona mpaka majani. Nikatia mkono mfukoni nikakuta amla ya chumvi, ya mwisho kutoka kwenye chupa, nikaiweka shavuni ili nisiweze kuongeza neno. Kisha nikapiga magoti pale nje ya ua, nikapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyomsalimu mkubwa kwetu Buha. Nikaendelea. Hakuna aliyeniona ila kuku. Magoti haya mnayoyasikia yakilia leo yalianzia pale.

Baada ya muda nikasikia kamba inafunguliwa kwenye mti, na kwato za beberu zinaondoka taratibu kwenda upande wa pili wa nyumba. Mahali pa kusimamisha ngazi chini ya mti pakawa wazi.

Nilikata matawi ya maua, tukayabeba na Skolastika kichwani kuvuka vilima viwili, yamefunikwa kanga iliyolowa maji. Tukayatia kwenye ndoo, madumu yaliyokatwa, hata beseni la kuogeshea mtoto. Waliopita barabarani waliuliza harusi ni ya nani. Mizinga miwili ya nyuki niliiazima nikaining'iniza karibu. Kila maji yalipopungua niliongeza. Kisha maua yakaanguka, ya kwangu na ya mgeni, yakatapakaa chini.

Na pale juu, hakuna kitu.

Nilipanda ngazi nikatazama tawi kwa tawi. Hakuna. Mvua za kwanza zikanyesha. Hakuna. Majirani wakaanza kuandaa vipando vya mihogo. Bi Mwanaidi alikuwa likizo kwao Tanga. Alikuwa amesema kitu kuhusu kusubiri, lakini wakati anasema mimi nilikuwa naongea.

Asubuhi moja, ardhi bado imelowa, mama mkwe akaja mwenyewe mteremkoni, jembe begani, Skolastika nyuma yake. Nilikuwa shambani. Kwa mujibu wa mila ilinibidi nipotee, nikajitupa nyuma ya kichuguu. Kutoka pale niliona miguu yake tu, na mpini wa jembe. Nilikuwa na maneno ya kumwambia ambayo yangejaza kanisa, na nisingeweza kulitoa hata moja. Akasimama kwenye mti wa kwanza. Akalishusha jembe.

Macho yake yalikuwa yamepungua siku hizo, ila yule ni mwanamke aliyepembua ulezi maisha yake yote. Akashika tawi, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kuanzia shina mpaka ncha. Akarudia. Akaenda mti wa pili, akafanya vilevile. Mti wa tatu, wa nne. Mimi nyuma ya kichuguu siafu wanapanda suruali na siwezi hata kuguna.

Kisha akalisimamisha jembe mbele yake kama mtu, akaliambia kwa sauti ya kufika kwenye kichuguu:

"Jembe, nenda nyumbani. Matunda yapo. Yako kama chawa, yamelala. Mwambie aliyejificha kule asije akayaamsha kwa domo lake."

Akaliweka begani, akaondoka.

Niliposogea nikapitisha vidole kama alivyofanya, nilivihisi: vipele vidogo kuliko kichwa cha pini, vimeganda kwenye vijiti. Amla ikishika tunda, tunda linalala kwanza, wiki na wiki, na macho hayalioni mpaka mvua zikolee ndipo linaanza kuvimba. Mzee Jivan labda aliniambia. Mwaka ule yalivimba mpaka nikamaliza miti ya panda nikaanza kutegemezea kwa mipini. Kikapu cha kwanza kilikwenda ukweni, na safari hii kikiwa na kibuyu cha maji. Nilisimama nje ya ua. Nikasikia anatafuna. Nikasikia anakunywa. Kisha nikasikia anamnywesha beberu.

Sasa kwenye kila mstari wa shamba langu kuna mti mmoja niliobebesha kikonyo cha mama mkwe. Matunda yake madogo, yana nyuzi, na anayeukata ajue amenikata mimi. Miche ipo kwa Deo, chukueni ya aina zote mbili, msije mkaniletea ujuaji.

Na mkija miezi ile mvua zinapoanza, mkanikuta natembea kati ya miti peke yangu, shavu moja limevimba, msidhani jino linaniuma na msinisalimie kwa sauti. Yamelala.